Lala Salama Inakuja na Mavuno: Hesabu za Shabiki wa Mpui

Msimu wa 2020/21 Simba ilicheza mechi 34 za Ligi Kuu Tanzania Bara. Ilishinda 26, ikatoka sare 5, ikafungwa 3, ikatwaa ubingwa kwa pointi 83. Ukizitazama zile mechi tatu ilizofungwa utaona Ruvu Shooting na Yanga, na utaona pia Alhamisi ya tarehe 22 Oktoba 2020 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Siku hiyo Tanzania Prisons iliwafunga mabingwa 1-0, mfungaji Samson Mbangula. Sisi wa Mpui, tulio kando ya barabara iendayo Tunduma, bado tunaitaja tarehe hiyo kama watu wanavyotaja mwaka wa mvua nzuri.

Prisons ni timu ya Mbeya, mali ya Jeshi la Magereza, mabingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1999. Msimu ule mkoa wa Mbeya ulikuwa na timu tatu za Ligi Kuu: Prisons, Mbeya City na Ihefu. Wajelajela, kama Prisons wanavyoitwa, wakahamishia mechi zao za nyumbani Sumbawanga, na msimu ule Ufipa, huku kwetu Rukwa, ikawa na Ligi Kuu yake.

Tuhesabu walichowafanyia wakubwa. Simba ilifungwa Sumbawanga, kisha ikabanwa 1-1 Dar es Salaam Machi 2021: pointi 5 zimeanguka. Yanga ilitoka 1-1 Dar mwanzoni mwa Septemba 2020, ikatoka tena 1-1 Sumbawanga tarehe 31 Desemba: pointi 4 zimeanguka. Simba ilipoteza pointi 19 kati ya 102 msimu mzima, kwa hiyo zaidi ya robo ya hasara yote ya bingwa ilisababishwa na timu moja iliyokuwa ikichezea mechi zake za nyumbani kwetu. Prisons yenyewe ilichukua pointi 6 kati ya 12 dhidi ya vigogo hao wawili. Timu inayovuna nusu ya pointi mbele ya Simba na Yanga ilitakiwa iishie karibu na nafasi ya nne. Haikufika huko. Pointi zake zilipotea kwa timu za saizi yake, katika mechi ambazo redio haizitangazi kwa kelele.

Mashabiki wengi wanauona mwisho wa msimu kama kipindi cha kulaumu: wachezaji wamechoka, kocha kaishiwa mbinu, timu imekata pumzi. Mimi nauona kama suala la kalenda na la fedha, na kwa sisi wa Ufipa kalenda hiyo ina jambo ambalo waliopanga ligi hawajalizingatia.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kati ya Oktoba na Desemba watu wanaandaa mashamba na kupanda, mbegu na mbolea zinameza kila senti. Januari hadi Machi ni palizi, na akiba ya ghalani inapungua. Kuanzia Mei mahindi yanakauka, Juni na Julai yanavunwa na kupukuchuliwa, malori yanaingia vijijini, fedha inaonekana. Sasa weka kalenda ya ligi juu ya hiyo. Msimu wa 2020/21 ulimalizika tarehe 18 Julai 2021. Msimu wa 2023/24 ulimalizika tarehe 28 Mei 2024. Ule wa 2024/25 ulifungwa tarehe 25 Juni 2025. Hatua ya lala salama, pale timu zinapopigania ubingwa na nyingine zinapopigania roho, inaangukia kwenye mavuno yetu karibu kila mwaka.

Na msimu ule wa 2020/21 vigogo walikuja lini Sumbawanga? Simba ilikuja Alhamisi ya Oktoba. Yanga ilikuja Alhamisi ya Desemba, siku ya mwisho ya mwaka, jembe likiwa mkononi. Yanga ilirudi kwa Kombe la Shirikisho la Azam tarehe 30 Aprili 2021, ikashinda 1-0, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mechi tatu kubwa, zote siku za kazi, zote kabla gunia la kwanza halijauzwa.

Nauli inaeleza kwa nini hilo ni kubwa. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223.2, ilijengwa kwa lami kwa fedha za MCC, shirika la misaada la Marekani, katika vipande vitatu: Tunduma–Ikana 63.7, Ikana–Laela 64.2, Laela–Sumbawanga 95.3. Mpui iko ndani ya kipande hicho cha mwisho. Niwachukue majirani zetu wa Laela, kwa kuwa kilomita zao zimeandikwa. Kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa basi la daraja la kawaida kilichoanza Desemba 2023 ni Sh48.47 kwa kilomita. Zidisha kwa 95.3 upate Sh4,619, na kwenda na kurudi Sh9,238. Ongeza kiingilio ambacho nakikadiria Sh5,000 na chakula cha Sh3,000. Siku moja uwanjani inamgharimu mtu wa Laela Sh17,238. Wa Mpui analipa nauli pungufu kidogo, mengine yanabaki yaleyale.

Mwaka 2024 bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ya kununua mahindi ilipandishwa hadi Sh700 kwa kilo. Kwa bei hiyo siku moja ya mpira ni karibu kilo 25 za mahindi, yaani debe moja na zaidi. Mechi zote 15 za nyumbani ni Sh258,570, karibu kilo 370: magunia matatu na nusu na ziada. Anayekaa kijijini akaangalia mechi hizohizo kwenye kibanda umiza kwa Sh1,000 anatumia Sh15,000 tu, kilo 21. Ndiyo maana vibanda umiza vimejaa, na nisingependa kumsikia mtu wa mjini akisema wakulima hawaendi uwanjani kwa sababu hawapendi mpira.

Lakini mtu yuleyule hahitaji mechi 15. Anahitaji mbili au tatu zenye maana, Jumamosi au Jumapili, wakati mahindi yapo ghalani. Mechi tatu ni kilo 74, chini ya gunia moja. Mwezi Juni familia nyingi za hapa zinaweza kulifikiria gunia hilo. Mwezi Desemba halifikiriki.

Tangu Prisons irudi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, hesabu imekuwa nzito zaidi. Kutoka Laela hadi Mbeya ni karibu kilomita 233: Sh11,294 kwenda, Sh22,588 kwenda na kurudi. Mechi inayoanza saa kumi jioni inaisha saa kumi na mbili, na huwezi kuwa na uhakika wa basi la kukurudisha usiku ule. Ongeza gesti. Kwa anayetoka Mpui ni mbali zaidi. Shabiki wa aina hiyo anaifuata timu kwa redio, na timu haipati hata shilingi yake moja.

Mwisho wa msimu una thamani gani kwa klabu? Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10, Sh225.6 bilioni, ambao ni wastani wa Sh22.56 bilioni kwa mwaka, na si zote zinaingia kwenye mifuko ya klabu. Zawadi zilizotangazwa wakati huo zilikuwa Sh500 milioni kwa bingwa, Sh250 milioni kwa wa pili, Sh225 milioni kwa wa tatu na Sh200 milioni kwa wa nne. Tazama ngazi hizo: kati ya wa kwanza na wa pili kuna Sh250 milioni, halafu ngazi mbili zinazofuata ni Sh25 milioni kila moja. Tarehe 25 Juni 2025 Yanga iliingia uwanjani na pointi 79, Simba na 78, kila mmoja akiwa amebakiza mechi hiyo moja tu, iliyoahirishwa tangu Machi. Yanga ilishinda 2-0. Kwa viwango vile vya 2021, dakika 90 zile zilibeba tofauti ya Sh250 milioni, yaani Sh2.78 milioni kwa kila dakika.

Chini ya msimamo hakuna zawadi ya kuringia, kuna kuokoka. Ligi ya sasa ina timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mechi za mchujo. Prisons ilipita kwenye tundu hilo mwaka 2022, ikapita tena mwaka 2025. Sisemi kurudi Mbeya ndiko kulikoifikisha hapo. Timu inashuka kwa sababu nyingi: Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne mwaka 2021, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikaondolewa baada ya kushindwa kufika Libya kwa mechi ya marudiano, na mwaka 2022 ikashuka daraja. Ninachosema ni kwamba timu inayopigania kubaki inahitaji uwanja uliojaa watu wake, na mwezi Juni watu hao wako huku.

Gharama ya kuwafuata nimeikadiria hivi. Mbeya hadi Sumbawanga ni takriban kilomita 328, kwenda na kurudi 656. Basi linalokula lita moja kwa kilomita tatu litatumia lita 219. Kwa dizeli ya Sh2,800 ni Sh612,000 hivi. Watu 35 kwa siku mbili, chakula na malazi Sh60,000 kwa mtu kwa siku, ni Sh4.2 milioni. Jumla Sh4.8 milioni kwa mechi. Ona kwamba mafuta ni sehemu ndogo kabisa. Kinachokula fedha za timu zetu za mikoani ni siku za kukaa hotelini kuliko umbali wa njia, na viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vinavyorundikwa mwisho wa msimu vinaongeza siku hizo.

Tiketi ya Sh5,000 ukiitoa VAT ya asilimia 18 inabaki Sh4,237. Tuseme baada ya makato mengine klabu ibaki na nusu yake, Sh2,118. Ili kurudisha Sh4.8 milioni wanahitajika watazamaji kama 2,300. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wa Rukwa kuwa na watu 1,540,519, kutoka 1,004,539 mwaka 2012. Watazamaji 2,300 ni mtu mmoja kati ya 670. Kila anayezidi hapo ni faida, na kwa mechi ya Simba au Yanga mwezi wa mavuno watazidi kwa wingi.

Msimu wa 2024/25 Dar es Salaam peke yake ilikuwa na timu tano kati ya 16. Tabora ilikuwa na moja, Kigoma moja, Mbeya mbili. Rukwa, Katavi na Songwe hazikuwa na hata moja. Kuipandisha timu yetu wenyewe kutoka ngazi ya wilaya hadi Ligi Kuu ni kazi ya miaka, na ianze. Ila hesabu ya hapo juu haihitaji miaka.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Prisons, na Bodi ya Ligi inayopanga ratiba: leteni Nelson Mandela mechi mbili au tatu za lala salama, Jumamosi au Jumapili, kati ya Mei na Juni. Na uongozi wa mkoa uanze mapema kuzungumza na klabu kuhusu uwanja na malazi, kabla ratiba ya msimu ujao haijatoka.