Oktoba ya Watu Wawili

Jamaa zetu wa Tanga wakipiga simu, swali la kwanza huwa ni baridi na la pili ni theluji. Santa Cruz haina theluji. Mji wetu uko California, ufukweni mwa Pasifiki, upande wa kaskazini wa ghuba ya Monterey, na majira ya mapukutiko, ambayo kwingine Marekani huwarudisha watu ndani, kwetu ndiyo yanayotutoa nje. Juni na Julai hatuzifaidi sana. Upepo wa kaskazini magharibi huyasukuma maji ya juu ya bahari, maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi, na hewa ikipita juu yake hugeuka ukungu unaoweza kuufunika mji mpaka adhuhuri. Septemba upepo hulegea, ukungu hupungua, na Oktoba mchana joto huwa nyuzi 20 na kitu. Hapo mimi na mume wangu hufunga mlango na kuondoka.

Yeye ni mtoto wa wavuvi, macho yake hayabanduki baharini. Mimi ni mtu wa miti. Basi Jumamosi ni ya bahari, Jumapili ni ya miti, na kila mmoja humfuata mwenziwe bila kununa.

Kwa bahari twende Moss Landing, bandari ndogo katikati ya ghuba. Karibu kabisa na mdomo wa bandari hiyo huanza korongo la chini ya bahari linaloshuka zaidi ya mita 3,000. Maji yanayopanda kutoka kilindini hurutubisha ghuba nzima: dagaa hunenepa, na nyuma ya dagaa huja mwari na nyangumi wenye nundu. Mume wangu huanza na mwari. Wakijitupa majini mmoja mmoja, huendelea na chai yake. Wakianza kujitupa kundi zima mahali pamoja, hunigusa bega: “Bibie, tazama pale, dagaa wamepandishwa.” Baada ya muda bahari huumuka, na nyangumi hutokeza katikati ya ndege, kinywa wazi, koo limetuna kwa maji na samaki. Siku nyingine haji. Akija, tunamwona tukiwa tumesimama mchangani, bila kulipia boti. Nyangumi wa aina hii hii huonekana Watamu na Mafia kuanzia Julai, ila wale hutoka bahari ya kusini, na hawa wetu kabla ya mwaka kwisha huwa njiani kuelekea Mexico kuzaa.

Njiani kurudi kuna matufaha ya bonde la Pajaro, makali kidogo, mazuri kwa kupikia. Kuna pia maboga kila kona, maana Oktoba 31 watu huyachonga sura na kuyawasha taa. Huko Half Moon Bay, kaskazini yetu, hushindanishwa kwa uzito. Mwaka 2023 boga la Travis Gienger wa Minnesota lilifika kilo 1,247, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Sisi tunataka madogo, yenye nyama kavu. Lile la kuchongwa lina maji mengi, na ukilitia tui na hiliki linabaki mchuzi.

Jumapili yangu ndiyo ninayoingojea mwaka mzima. Katika hifadhi ya Natural Bridges, ukingoni mwa mji, kuna bonde dogo lenye mikaratusi na njia ya mbao. Kuanzia Oktoba huja vipepeo aina ya monaki kutoka magharibi yote ya Marekani, kukwepa baridi ya bara. Tufike asubuhi mapema. Mwanzoni huoni kitu ila matawi yaliyolemewa na majani makavu. Hayo makavu ndiyo wao, wamening'inia pamoja, mbawa zimefumbwa, kwa sababu chini ya nyuzi 13 hivi misuli yao haiwezi kuwarusha. Jua linapolifikia tawi, mmoja hufumbua, rangi ya chungwa ikatokeza. Jirani yake hutetemesha mbawa ajipashe moto. Kisha tawi zima hufumka na hewa hujaa. Mume wangu, ambaye hapendi kutazama juu, hutazama juu.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika hapa. Kizazi cha kiangazi huishi wiki chache tu, hutaga na kufa. Wanaofika Oktoba ni wajukuu na vitukuu wa walioondoka mwanzoni mwa mwaka. Hawa huahirisha kuzaa na huishi miezi kadhaa. Lakini wamepungua vibaya. Hesabu ya miaka ya 1990 ilizidi milioni moja. Mwaka 2020 hawakufika 2,000 katika pwani yote, mwaka uliofuata wakavuka 200,000, na 2024 wakarudi kwenye 9,000 na kidogo. Dawa za kuulia wadudu zimewaumiza, na kukatwa kwa miti na kufyekwa kwa milkwidi pia. Milkwidi ni mmea wenye utomvu mweupe, na viwavi wao hawali kitu kingine.

Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia kupanda milkwidi uani. Bara ni jambo jema. Kwetu, karibu na bahari, wataalamu wanasihi isipandwe ndani ya kilomita 8 kutoka pwani, kwa kuwa huwashawishi vipepeo kutaga wakati wa kupumzika. Wanachohitaji hapa ni maua yenye nekta katika miezi ambayo maua ni haba. Kwa hiyo mvua za kwanza zikilainisha udongo, Novemba, mume wangu huchimba na mimi hupanda asta za asili ya California upande wa jua. Pembeni ya uzio kuna kichaka cha kienyeji kinachochanua wakati huu huu, ambacho majirani walitushauri tuking'oe. Tumekiacha, na mwaka huu tunaongeza cha pili.