Asili ya Zaha Iliyojenga Nyanda za Juu za Ethiopia

Kaskazini mwa Ethiopia kuna mahali ambapo zaha iliyoganda, tabaka juu ya tabaka, ina unene unaokaribia kilomita 2. Haikutoka katika mlima mmoja. Ardhi ilipasuka nyufa ndefu, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikabubujika na kutandaa mbali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikwisha ndani ya takriban miaka milioni 1 tu, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Kipande chake kingine kiko Yemeni, kwa kuwa wakati huo Bahari ya Shamu ilikuwa bado haijazitenganisha nchi hizi mbili. Miamba ya namna hii huitwa basalti za mafuriko.

Magma nyingi kiasi hicho ilitoka wapi, tena kwa haraka hivyo? Chini ya ganda la dunia kuna tabaka la mantili. Mwamba wake ni wa moto sana, lakini hauyeyuki kwa sababu umebanwa na uzito wa kilichoko juu yake. Ukipanda, mbano hulegea, na sehemu yake huyeyuka bila kuongezewa joto. Mwaka 1971 mwanajiofizikia W. Jason Morgan alipendekeza kwamba kuna nguzo za mwamba wa moto zinazopanda kutoka kina kirefu cha mantili. Wengine walipinga: huenda basalti hizi zimetokana na kuyeyuka kwa mantili ya juu iliyoshikamana na bara lenyewe. Kwa hiyo kemia ikaitwa kutoa ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni titaniamu. Ukitoka magharibi mwa nyanda hizo kuelekea upande wa mji wa Lalibela, kiasi chake katika basalti kinaongezeka. Upande huohuo ndiko iliko miamba yenye magnesiamu nyingi sana, dalili ya magma iliyokuwa na joto kali kupita kawaida. Hata hivyo, titaniamu peke yake haitoshi kukata shauri. Kiasi chake hubadilika kwa kina cha kuyeyukia, kwa sehemu ya mwamba iliyoyeyuka, na kwa aina ya mantili iliyokuwapo tangu mwanzo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni bara lenyewe. Magma inayopita kwenye ganda nene la bara huyeyusha kingo za njia yake, kama mto unavyochukua rangi ya udongo unamopita. Alama zake tunazijua: niobiamu inapungua ikilinganishwa na elementi nyingine zenye tabia kama yake mwamba unapoyeyuka, na uwiano wa isotopu (aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito wa atomi) za stronti na risasi unasogea kuelekea ule wa ganda. Baadhi ya basalti za Ethiopia zenye titaniamu kidogo zina alama hizo. Mtu akizisoma hizo tu, atadhani anasoma mantili, kumbe anasoma bara.

Ndiyo maana ninaipa heliamu uzito kuliko vipimo vingine vyote. Heliamu-3 iliyomo ndani ya dunia ni masalia ya tangu sayari hii ilipoumbwa, miaka bilioni 4.5 iliyopita. Heliamu-4 huzalishwa kila siku na urani na thori zinapooza. Ganda la bara lina urani na thori nyingi, hivyo magma ikichafuliwa nalo, sehemu ya heliamu-3 hupungua, haiwezi kuongezeka. Wataalamu huchagua fuwele za olivini zilizonasa gesi ya magma, huzisaga ndani ya ombwe, kisha hupima gesi inayotoka. Katika basalti za sakafu ya bahari, uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 ni takriban mara 8 ya ule wa hewa tunayovuta. Katika basalti za Ethiopia zenye titaniamu nyingi, unakaribia mara 20. Ganda haliwezi kutoa namba hiyo, wala mantili ya juu ya kawaida haiwezi. Kwangu mimi, hoja ya nguzo inayopanda kutoka kina kirefu imesimama hapo.

Nasi Watanzania tunahusika. Mwaka 2011 vilichapishwa vipimo vya miamba ya Rungwe, mkoani Mbeya, zaidi ya kilomita 2,000 kusini mwa Lalibela. Volkeno zake ni changa na ndogo mno zikilinganishwa na mafuriko yale ya kale, lakini uwiano wa heliamu ulifika mara 15 ya ule wa hewa. Mantili ya kina kirefu, basi, haiishii chini ya Ethiopia. Alama yake imefika hadi kusini mwa Tanzania.