Asumini haitaki huruma

Malalamiko kuhusu asumini karibu yote ni ya namna moja: mti umestawi, majani yanameta, matawi yamefika dirishani, lakini maua hakuna. Ukienda kuutazama unakuta haujaguswa tangu ulipopandwa. Mwenyewe anauonea huruma, akiamini kila tawi litakalokatwa litaondoka na maua yake.

Asumini ninayoisema ni ile ya vikuba, ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia, na huko inaheshimika: Ufilipino iliifanya ua la taifa mwaka 1934, na Wachina huitumia kutia harufu majani ya chai. Kwetu Lamu, Mombasa na Unguja huchanganywa na rihani na mkilua kupata kikuba, hutungwa uzini, na humwagwa kitandani kwa maharusi. Unaponunua mche, nusa kwanza. Vitaluni kuna jamaa zake wenye maua meupe vilevile ambao hawana harufu ya maana, na muuzaji atakuapia kuwa ndio wenyewe.

Ua la asumini hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi kuukuu hurefuka tu na kukauka kwa ndani. Ndiyo maana wakulima wa Tamil Nadu, India, wanaoishi kwa kuuza maua haya, huifyeka miti yao mwishoni mwa Novemba ikabaki kama nusu mita kutoka ardhini, na kufikia Machi imeanza kutoa. Sisi wa bustani za nyumbani hatuhitaji ukali huo. Mwishoni mwa kipupwe, joto linaporudi, punguza theluthi moja ya kila tawi, ondoa yaliyokauka na yanayosongamana katikati, kisha weka samadi iliyooza vizuri na umwagilie. Kila wimbi la maua likiisha, kata ncha tena kidogo. Wanaochuma kila alasiri na kuvunja vijiti vya nchani hufanya kazi hiyo bila hata kuchukua mkasi.

Sababu ya pili ya kukosa maua ni kivuli. Mwembe ni mzuri kwa kubarizi, lakini asumini iliyo chini yake itabaki majani matupu. Inataka jua la saa sita hivi kwa siku. Ya tatu ni mbolea ya urea, ambayo watu huimwaga wakidhani wanausaidia mti. Urea huleta majani.

Pwani kuna jambo jingine. Ardhi ya mawe ya matumbawe ina chokaa nyingi, na mti hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Majani machanga huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo mboji, na matandazo ya majani makavu shinani, husaidia. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, kinga maji ya mvua: chumvi huunguza kingo za majani. Kwenye nyua za mawe za miji ya kale watu hupanda kwenye madebe na mapipa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora, maana udongo unauchagua mwenyewe. Toboa tu matundu chini. Mizizi ikikaa majini huoza. Nairobi na Arusha mti huishi, ila Juni na Julai husinzia, hivyo uegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua.

Wadudu si wengi. Vidung'ata na wadudu gamba hujificha chini ya majani, na ukiona sisimizi wakipanda kwa mstari ujue wapo. Maji ya sabuni kidogo, yakipuliziwa jioni, hutosha.

Chuma alasiri, matumba yakiwa yamejaa na meupe lakini bado yamefumba. Yatafunguka usiku yenyewe, na harufu itakuwa yako badala ya nondo. Ua lililoachwa mtini hugeuka jekundu hafifu kesho yake na kuanguka.

Matawi uliyoyakata usiyatupe, maana asumini hii ni nadra kuzaa mbegu. Chagua yaliyokomaa kiasi, yakate urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini na uyachomeke kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, kivulini. Yasikauke wala yasiloe chapachapa. Yakishatoa majani mapya na mizizi kushika, majirani watakuwa wameshaanza kuulizia.