Miungu wa Love: Nani Anakula Fare, Nani Anajisort

February ikikaribia, tao ya Kitale inawaka red. Teddy red, balloon red, rose zimeruka bei hadi mwenye kuuza anaogopa kukushow. Na kwa kila poster kuna kale katoi kanene, uchi, mabawa, mshale mkononi. Cupid. Wagiriki walimjua kama Eros. Sasa mbona love ya mtaa isimamiwe na mtoi hajavaa hata long'i?

Dunia iko na miungu wa love kibao, so nimewapiga msasa. Kipimo ni kimoja: fare. Ukimwalika date, atafika, ama atakula fare azime simu?

Cheki Aphrodite, mathe ya huyo Eros. Alitokea kwa povu ya bahari, mrembo mpaka miungu wakachizi. Akaozwa Hephaestus, fundi wa chuma, jua kali ya mbinguni, msee wa mkono safi na mguu mbovu. Aphrodite akahanya na Ares, yule wa vita. Fundi alipopata rada hakurusha ngumi. Aliunda neti ya chuma nyembamba hadi haionekani, akaitega kwa kitanda, ikanasa wote wawili live. Halafu akaita miungu wengine waje wacheke. Hiyo stori iko kwa Odyssey ya Homer, so watu walikuwa wanaanikwa kwa group ya familia kitambo kabla ya WhatsApp. Aibu ya kiwango hiyo, huku kwetu Matisi ungehama plot usiku. Fare? Anakula, na ya kurudi anadai.

Ishtar wa Babeli ni noma zaidi. Alimkatia Gilgamesh, king wa Uruk, direct, bila kuzunguka. Jamaa akakataa, na akamsomea list ya ma-ex na vile kila mmoja aliishia vibaya, hadi mchungaji aligeuzwa mbwa mwitu. Dem akapanda kwa mbuyu yake Anu, akaitisha Fahali wa Mbinguni ashuke amalize mtaa. Yaani blue tick moja, mji mzima unalipa. Huyo usitume fare. Block.

Freyja wa Norse namkubali. Ako na gari yake, inavutwa na paka. Hakuitishi hata soo. Kama, mungu wa love wa India, pia anajisort, anapanda kasuku. Lakini mimi napenda silaha zake: upinde ni muwa, kamba ni nyuki wamejipanga, mishale ni maua. Pita upande wa Nzoia Sugar uone pinde za Kama zimesimama hadi macho ichoke. Kosa lake ni kumrushia mungu Shiva mshale akiwa kwa tafakuri. Shiva akafungua jicho la tatu, Kama akawa majivu hapo hapo. Usikatie mtu akiwa bize, maze.

Na kuna Oshun wa Wayoruba, mrembo wa mto, asali na shaba. Beyoncé kwa Lemonade, 2016, yule wa dress ya yellow na maji inafoka mlangoni? Watu wengi walimwona Oshun hapo. Msitu wake kule Osogbo, Nigeria, uliingia list ya UNESCO 2005, na sherehe yake ni Agosti. Mwezi ule ule, mwaka ukiwa even, huku kwetu chinyimba, kengele za tohara, zinalia na barobaro hawalali. Ukimpelekea asali, unaonja kwanza wewe, juu kuna mtu aliwahi kujaribu kumpea sumu. Dem ako makini. Hiyo ndio date ya kulipia.

Sasa rudi home. Vuka border ya Suam, ingia Uganda. Nambi ni mtoi wa Ggulu, bigi wa mbinguni. Alimcheki Kintu, chali solo, mali yake ng'ombe moja tu, na akamchagua. Maringo zero. Mabro wake wakamwibia hiyo ng'ombe, mzae akampea mitihani, na bado dem akashuka naye. Wazee wakifika hapo wanakazana tu vile Nambi alirudi kuchukua wimbi ya kuku, ndio brathe yake Walumbe, kifo mwenyewe, akawafuata. Dem ameacha mbingu yote juu ya boy wa ng'ombe moja, na nyinyi mnabonga kuku?

Lakini namba moja ni ya Wabukusu. Wele Khakaba, Mungu wao, aliumba jua, akaona halina wa kumulikia, akaumba Mwambu. Mwambu anaona, anabonga, lakini hana wa kubonga naye. So Wele akaumba Sela. Skia hiyo poa. Hakuna mshale, hakuna neti, hakuna povu. Mwanaume alikosa mtu wa kupiga naye stori. Na keja yao ilikuwa juu ya nguzo, wakishapanda wanavuta ngazi ndio manani, yale mazimwi, wasiwafikie. Privacy! Sisi kwa plot ukikohoa jirani anasema pole.

Mimi hiyo ndio love naamini, na naisimamia hata February 14. Mnunulie rose moja kama uko nayo, sawa. Halafu zima simu, kaa chini na yeye, chai na mandazi, mbonge hadi thermos ikauke.

Wazee wanaijua hii stori kuliko sisi, na bado wakifika kwa Sela wanaruka moja kwa moja hadi kwa mahari. Next time mzee akianza kuhesabu, muulize tu: Mwambu alitoa ng'ombe ngapi?