Paladini na mateka wake

Mateka amepiga magoti kwenye matope, mikono kichwani. Ni goblini kijana. Usiku uliopita ndiye aliyeshika mwenge ghala la kijiji lilipoteketea. Paladini alimwambia, "Tupa mkuki, utaishi," naye akautupa. Sasa mzee wa kijiji, mwenye mamlaka halali, anataka anyongwe kabla jua halijazama. Wachezaji watatu wanamgeukia mwenzao wa nne. Dadu zimelala mezani, hakuna wa kuzirusha.

Kwa asiyeujua mchezo huu: Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao, mwongoza mchezo, husimulia ulimwengu na kuwasemea wengine wote waliomo, kuanzia wafalme hadi mbuzi. Dadu, hasa ile ya pande 20, huamua pale penye mashaka. Paladini, mpiganaji mtakatifu, aliongezwa mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk.

Zamani alikuwa mtu mgumu kumpata na rahisi kumpoteza. Kanuni za mwaka 1978 zilidai alama ya haiba isiyopungua 17. Ukirusha dadu tatu za kawaida, unaifikia mara 4 tu kati ya 216. Alipaswa kuwa mwema na mtii wa sheria, kutoa fungu la kumi, na kutomiliki zaidi ya vifaa 10 vya kichawi. Akitenda uovu kwa kujua, alipoteza hadhi yake moja kwa moja na kubaki mpiganaji wa kawaida.

Nani aamue kwamba huu ni uovu? Mwongoza mchezo. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Waongozaji wengi walikuwa wakimwekea paladini mtego: pango limejaa watoto wa maadui, ukiwaua umeanguka, ukiwaacha watakuja kuchoma kijiji. Mimi huo siuiti mgogoro wa dhamiri. Mchezaji akishajua kwamba kila mlango una shimo, anaacha kufikiri juu ya mema na mabaya, anaanza kufikiri juu ya hakimu.

Toleo la mwaka 2014 liliuhamisha mzigo. Paladini anafika ngazi ya 3, anakula kiapo alichokichagua mwenyewe, na nguvu zake zinatoka kwenye kushikamana na haki sawasawa na zinavyotoka kwa mungu. Kiapo cha kwanza kitabuni kina nguzo tano: ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Zikisomwa haraka zinafanana na wimbo wa shule. Zisome polepole uone zinavyogombana. Ukweli unasema neno lako liwe ahadi. Wajibu unasema umtii aliye na mamlaka ya haki juu yako. Huruma peke yake imebeba mawili: walinde wanyonge na uwaadhibu wanaowatishia, lakini pia umrehemu adui, kwa busara. Mateka wetu anazigonganisha tatu kwa mkupuo, na hakuna aliyetega mtego. Paladini alijitega mwenyewe alipofungua kinywa.

Kuna kanuni mbili ndogo ambazo wengi huzipita. Katika toleo hilo, pigo takatifu hutangazwa baada ya dadu kuonyesha kwamba upanga umempata adui. Ndipo unapochagua kumwaga nguvu za kiapo chako ndani ya jeraha, angalau dadu mbili za pande 8 juu ya madhara ya upanga. Ya pili: ukiufikisha uhai wa adui sifuri kwa silaha ya mkononi, unaweza kuchagua papo hapo kumzimisha badala ya kumuua. Kwa hiyo paladini hawezi kusema mkono uliteleza. Dadu imeshanyamaza, meza nzima inasubiri, na aliyebaki ni yeye. Ninapoongoza, hapo huwa nanyamaza kwa makusudi, huku nikihesabu kimoyomoyo hadi tano.

Ukitaka kumcheza paladini mwenye moyo uliogawanyika, basi, acha hadithi ya mtu mwema anayevutwa na giza, imechakaa. Tafuta nguzo mbili unazoziamini kwa dhati na umwombe mwongozaji azikutanishe. Kiapo cha kisasi kinafaa sana kwa hili. Kinaruhusu njia yoyote dhidi ya adui mkuu, lakini pia kinakutwika maafa aliyoyaacha: alifanikiwa kwa sababu wewe hukumzuia. Mtu wa namna hiyo halali usingizi. Na ukivunja kiapo, kitabu hakikuangamizi. Kinapendekeza toba mbele ya kasisi au paladini mwenzako, mkesha wa sala, mfungo. Uchezeni mkesha huo. Msiuruke kwa sentensi moja.

Tahadhari moja tu: dhamiri ni yako, si kirungu cha kuwapigia wenzako. Paladini anayempekua mwenzake wa kundi aliye mwizi kila asubuhi, kisha akijitetea kwamba ndivyo mhusika wake angefanya, anachosha haraka.

Turudi kwenye matope. Mchezaji alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Namdhamini." Akavua ngao yenye nembo ya imani yake, akaiweka miguuni pa mzee kama rehani mpaka ghala lijengwe upya. Mwizi wa kundi akaguna, maana wenzake na goblini, waliokimbia na nafaka usiku wa moto, walikuwa wanazidi kutokomea. Nikafuta ngao kwenye karatasi yake. Ulinzi wake ukashuka kutoka 18 hadi 16. Kisha nikamsemea goblini, ambaye alitaka kujua kama mkuki wake atarudishiwa.