Tuyafungue Masanduku Kabla ya Mchwa

Mnamo mwaka wa 2012, katika mji wa Defiance, jimbo la Ohio nchini Marekani, jamaa waliokuwa wakisafisha nyumba ya babu yao aliyefariki zamani walikuta sanduku la karatasi darini. Ndani yake mlikuwa na kadi zipatazo 700 zenye picha za wachezaji wa besiboli, zilizochapishwa yapata mwaka wa 1910 na kutolewa pamoja na peremende. Kwa muda wa karne moja hakuna aliyezijali. Wataalamu walipozichunguza, walizikadiria kuwa na thamani ya karibu dola milioni tatu.

Huenda mwalimu wa Kisii au Nyamira akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani. La hasha! Sisi hatukucheza besiboli, lakini tulikimbia, na tulikimbia mapema. Mwaka wa 1954 Nyantika Maiyoro, mwana wa Gusii, alishika nafasi ya nne katika mbio za maili tatu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver. Mwaka wa 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Na mjini Roma mwaka wa 1960, wa sita. Arere Anentia naye alipata medali ya shaba mjini Cardiff mwaka wa 1958. Kisha, mwaka wa 1968, Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliposhinda mita 10,000 mjini Mexico City. Mjini Munich mwaka wa 1972, watatu kati ya wakimbiaji wanne waliotwaa dhahabu ya kupokezana kijiti mara mita 400 walikuwa Wagusii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko.

Hebu msomaji atafakari. Nafasi ya nne, ya saba na ya sita hazina medali. Mtu aliyewafungulia wenzake njia hakurudi kutoka Vancouver, Melbourne wala Roma na kitu cha kuning'iniza shingoni. Ushahidi wa safari kama hizo ni vitu vinyonge: kitambaa chenye namba, koti la timu, barua, ratiba ya mashindano, picha iliyofifia. Medali huhifadhiwa kwa kuwa inang'aa. Karatasi huwashia moto jikoni. Tena, nyuma ya kila aliyefika ng'ambo walikuwapo wengi walioshindana naye hapa nyumbani, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya karatasi huoza. Mvua zetu ni nyingi, mchwa hawalali, na moshi wa jikoni hupanda hadi darini. Aidha, wenye kumbukumbu wanatuaga. Temu alifariki mwaka wa 2003. Maiyoro na Ouko, mwaka wa 2019. Kadi za Defiance zilikuwa zimechapwa jina la kila mchezaji, ndiyo maana ziliweza kungoja miaka mia moja. Picha iliyomo katika sanduku la bati la nyanya yako haina jina. Siku nyanya atakapoondoka, itakuwa picha ya vijana wasiojulikana wamesimama uwanjani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wa historia na wa michezo ni hili. Wakati wa likizo, watumeni wanafunzi nyumbani na daftari. Wasiende kuchukua vitu, kwa maana vitu hivyo ni mali ya wenyewe na vibaki kwao. Waende kuuliza: huyu ni nani, ni mwaka gani, ni mashindano gani, nani alikuwa wa pili? Majibu wayaandike papo hapo, na nyuma ya picha waandike majina kwa penseli, taratibu, kwa idhini ya mwenyewe. Wasiisugue medali kwa majivu ili ing'ae. Karatasi ziwekwe pakavu, mbali na sakafu. Wala mwanafunzi asitupe cheti kwa sababu kimeandikwa Nyanza Kusini. Enzi hizo Kisii ilikuwa ndani ya wilaya hiyo, na Nyamira haikuwa wilaya hadi 1989.

Nakala za madaftari hayo zikae katika maktaba ya shule. Gharama yake ni kalamu na subira. Kuna watakaouliza faida yake kwa mtihani. Nawajibu kwamba mwanafunzi aliyemhoji mzee, akalinganisha maneno yake na tarehe iliyo kwenye cheti, akagundua kwamba havipatani na akatafuta sababu, amekwisha kuielewa historia kuliko aliyekariri kurasa ishirini. Likizo haiko mbali, na wazee waliosalia ni wachache.