Kurudi majini Hai Cinema: mita 50 ambazo mfanyabiashara hapaswi kuzisahau

Na Mwandishi Wetu, Juba

Saa 12:30 asubuhi, jua la Juba likiwa bado halijaanza ukali wake, bwawa la hoteli moja ndogo hapa Hai Cinema lina watu watatu. Kijana kutoka Arua anaokota majani ya mwarobaini kwa wavu wenye mpini mrefu. Mama wa makamo amekaa ukingoni, miguu yake ikiwa majini. Wa tatu ni mimi, nimesimama upande wenye kina kifupi nikijishauri kama niingie au nirudi chumbani nikanywe chai.

Sikuwa nimeogelea tangu Machi 2020. Wakati huo nilikuwa Nairobi. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona Machi 13, na siku chache baadaye bwawa nililokuwa nikiogelea mara tatu kwa wiki likafungwa kwa kufuli. Nilidhani ni suala la wiki mbili. Lilipofunguliwa sikurudi. Mwanzoni ilikuwa hofu, kisha zikaja safari, na mwishowe ukaja ule uvivu unaojificha nyuma ya kazi.

Wafanyabiashara wa mpakani wanakumbuka miezi ile kuliko sisi waandishi. Malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Busia, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Sudan Kusini nayo ilifunga safari za ndege na mipaka Machi 2020, ikaruhusu mizigo kupita, na Aprili 5 ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Februari 2021 ilirudisha tena masharti ya kuzuia mikusanyiko. Katika hesabu za hasara za kipindi hicho, nani angekumbuka kuhesabu bwawa la kuogelea?

Vyura na maboza

Kijana wa Arua anakumbuka. Ananieleza kwamba wageni walipokoma, jenereta ikawa inawashwa kwa saa chache, na pampu ya bwawa ikawa ya kwanza kuzimwa. Maji yakageuka kijani, vyura wakahamia. Baadaye maji yakamwagwa na bwawa likabaki shimo la vigae ambamo hoteli iliweka viti vibovu.

Kulirudisha haikuwa kazi ya siku moja. Juba ina watu wengi wasiofikiwa na bomba. Maji huletwa na maboza, na bwawa dogo kama hili linameza maji ya maboza kadhaa kabla hujamwaga tone la dawa. Klorini yenyewe, anasema, hutoka Kampala, ikavuka Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi Juba. Ndiyo maana bwawa lilibaki tupu muda mrefu kuliko corona yenyewe. Mwenye hoteli alitaka kwanza kuona kama wageni watarudi.

Nikamuuliza kama wamerudi. Akacheka. “Wewe ni wa kwanza leo, boss. Ingia basi.”

Mwili unasahau, mkono haujasahau

Niliingia. Bwawa hili lina urefu wa kama mita 15. Zamani nilikuwa namaliza mita 1,000 bila kuhesabu sana. Safari hii, nilipogusa ukuta wa pili, nilishika ukingo kwa mikono miwili nikihema kama mtu aliyepandisha gunia la mahindi ghorofani.

Jambo lililonishangaza ni jingine. Mikono ilijua la kufanya. Kichwa kiligeuka upande wa kuvuta hewa bila kuamrishwa, na miguu ikapiga kama zamani. Ni kifua tu kilichokataa.

Hali hii ina maelezo. Pumzi na uwezo wa moyo kusukuma damu huanza kushuka wiki chache tu baada ya mtu kuacha mazoezi. Ufundi wa kiungo, kama ule wa kuendesha baiskeli, hukaa miaka mingi. Hapo ndipo penye hatari kwa anayerudi, kwa sababu ufundi unamwambia anaweza, wakati mapafu na mabega hayako tayari. Mtu aliyekuwa hodari miaka mitano iliyopita anaweza kupata shida katikati ya bwawa kuliko mwanafunzi anayejua kwamba hajui.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kurudi, anza na robo ya ulichokuwa ukifanya. Ogelea urefu mmoja, pumzika hadi uweze kuzungumza bila kukatika, ndipo uende tena. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha mwanzoni. Bega likiuma, acha siku hiyo. Dereva aliyekaa kwenye usukani kutoka Mombasa hadi Juba ana mgongo na mabega yaliyokakamaa, naye ajinyooshe kwanza nchi kavu. Usiogelee peke yako, na usiingie majini ukiwa umekunywa pombe, hata kama baa iko hatua tatu kutoka bwawani.

Kagua maji pia kabla hujavua shati. Kama huoni sakafu ya upande wenye kina kirefu, usiingie. Harufu kali ya dawa isikudanganye kuwa ni usafi. Mara nyingi inatokana na klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo wa waliotangulia. Muulize mhudumu amepima lini. Wa hapa alinionyesha kopo lake la kupimia bila kununa, na hiyo peke yake ilikuwa dalili njema. Na mwenye kuhara akae nje, kwa heshima ya wenzake.

Wapo watakaosema kwamba Nile iko karibu na haina kiingilio. Ni kweli, lakini mkondo wake hapa Juba una nguvu, na mamba wamo. Anayerudi kuogelea aanze mahali anapoweza kusimama.

Mama wa Busia

Nilipotoka majini mara ya tatu, yule mama alinisalimu kwa Kiswahili cha Kenya. Anatoka Busia, anafanya biashara kati ya huko na Juba kwa miaka mingi, na hufikia Hai Cinema kila anapokuja kukusanya madeni yake Konyo Konyo.

“Mwanangu, umechoka haraka,” aliniambia.

“Ndiyo, mama. Miaka mitano si mchezo.”

Akanieleza kwamba yeye alianza kujifunza Kisumu mwanzoni mwa 2020. Alikuwa amefikia hatua ya kuelea chali bila kushikwa. Kisha mabwawa yakafungwa, mwalimu akarudi kwao, naye hakuthubutu tena. Nilipomuuliza kwa nini mtu wa umri wake aliamua kujifunza, alijibu kwamba kabla ya kuja Juba alikuwa akinunua samaki visiwani, akivuka ziwa kwa mtumbwi wa injini usiku, na kila safari alikuwa akishika kamba ya mzigo na kuomba.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu mimi pia nina kisa changu na ziwa lile.

Kwa nini nilijifunza

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa pamoja Igoma. Meli ile ilikuwa imebeba abiria kupita kiasi, pamoja na ndizi za wafanyabiashara. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Baba hakuwahi kuzungumza sana juu ya msiba ule, ila mwaka uliofuata alinipeleka kwa rafiki yake mvuvi na kumwambia: mfundishe huyu.

Sidai kwamba kuogelea kungemwokoa shangazi. Meli inapopinduka, wengi hunaswa ndani, hodari na asiyejua sawasawa. Lakini tazama ajali zilizofuata. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikitoka Bugolora, siku ya soko, ikiwa imebakiza mita chache kufika Ukara. Waliokufa walizidi 220. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka katika Ziwa Kivu ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, watu walio nchi kavu wakiona. Wengi wa wasafiri wa njia ile walikuwa wamelazimika kutumia ziwa kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara.

Katika ajali zote mbili nchi kavu ilikuwa inaonekana. Na wengi waliokuwemo ni watu wa aina ya msomaji wa gazeti hili, mwenye gunia, mwenye kreti, mwenye kitita cha noti kilichofungwa kiunoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo ikilinganishwa na idadi ya watu. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri, mahali ambapo bahari iko mlangoni lakini wanawake wengi walikuwa hawajui kuogelea.

Kuogelea si mbadala wa jaketi okozi. Mwenye boti asiyekupa jaketi, au anayepakia mpaka ukingo wa boti unakaribia maji, mwache aende na safari yake. Mzigo utafika kesho. Lakini mtu anayeweza kuelea chali dakika tano, kisha akajisogeza mita 50, ana nafasi ambayo mwenzake hana. Mtumbwi uliopinduka huwa bado unaelea, na boti nyingine huwa inakuja. Anachohitaji mtu ni muda.

Jumuiya yetu imejaa maji: Victoria, Tanganyika, Albert, Kivu, Nile na bahari. Tunajadili ushuru, vibali na vizuizi vya barabarani, na ni sawa tuvijadili. Ila anayevuka maji kwenda sokoni anavuka na mwili wake pia.

Asubuhi ya nne

Nilikaa Hai Cinema siku nne. Siku ya pili niliogelea urefu nne, nikapumzika kila mmoja. Siku ya tatu mabega yalikataa, nikatii. Siku ya nne nilipiga urefu nne bila kusimama, mita 60 hivi kwa hesabu yangu, na nilipofika ukutani nilikuwa bado naweza kuzungumza. Si mita 1,000. Zile zitakuja zikija.

Mama wa Busia alikuja siku hiyo na fulana ndefu na suruali ya michezo. Kijana wa Arua aliacha wavu wake akasimama karibu. Mimi nilisimama majini, maji yakinifika kifuani, nikaweka viganja chini ya mgongo wake bila kumbana. Alikaza shingo, akafumba macho, akataja jina la Mungu. Nikamwambia alegeze, atazame juu, apumue polepole.

Nikashusha mikono taratibu. Hakuzama. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji, kwa hiyo sidhani kama alinisikia nilipomwambia kwamba sijamshika tena.

Aliposimama alijifuta uso na kuuliza lini narudi Juba. Nikamjibu kwamba sijui, pengine mwezi ujao. Akasema vizuri, kwa sababu kuna mteja wa Konyo Konyo ambaye naye hajalipa, kwa hiyo lazima arudi.